SAT au ACT: Ulinganisho kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki Anayeogopa Saa na Uchovu

Mwanafunzi wa kidato cha sita Tanzania, au wa kidato cha nne Kenya, anayetaka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani hulazimika mapema kuamua ni mtihani upi atakaoufanya kati ya SAT na ACT. Vyuo vinavyotazama matokeo ya mitihani hii hupokea wowote kati ya hiyo miwili bila kuupendelea mmoja, kwa hiyo uamuzi ni wa mwanafunzi mwenyewe. Baada ya janga la UVIKO-19 vyuo vingi viliacha kuidai, lakini MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown na Harvard zikatangaza kufanya hivyohivyo, ilhali University of California haitazami matokeo hayo kabisa katika kumchagua mwombaji. Inafaa basi kusoma kwanza masharti ya kila chuo kilicho kwenye orodha yako, kwa sababu huenda ukagundua kwamba huhitaji mtihani wowote kati ya hii. Yafuatayo ni kwa yule ambaye, baada ya kusoma masharti hayo, ameona kwamba atafanya mmoja.

Wengi huilinganisha mitihani hii kwa mada zake. Naona hilo halisaidii sana, kwa kuwa aljebra, jiometri, sarufi ya Kiingereza na ufahamu vipo pande zote mbili kwa kiwango kinachokaribiana, na mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne vizuri ameshakutana na sehemu kubwa ya hisabati hiyo. Tofauti inayopandisha au kushusha alama iko katika kasi inayodaiwa kwa kila swali na katika saa ambayo uchovu unakukuta. Kwa maneno ya mkato, SAT humwadhibu mapema anayeanza vibaya, na ACT humwadhibu anayechoka kabla ya mwisho.

Vipimo vyenyewe

Takwimu zilizo hapa chini ni za SAT ya kompyuta, iliyoanza kutumika nje ya Marekani Machi 2023 na ndani ya Marekani Machi 2024, na za ACT ya muundo mpya uliofupishwa, ulioanza kutumika mwaka 2025. Vitabu vingi vya mitumba vinavyouzwa mijini ni vya miundo ya zamani, ambapo SAT ilikuwa na maswali 154 kwa saa 3 na ACT ilikuwa na maswali 215 kwa saa 2 na dakika 55. Maswali yake bado yanafaa kwa mazoezi ya maarifa, lakini anayejipimia muda kwa vitabu hivyo anajifunza kasi ya mtihani ambao haupo tena.

| | SAT | ACT |
|---|---|---|
| Muda wa kujibu | Saa 2 na dakika 14 | Saa 2 na dakika 5. Saa 2 na dakika 45 ukiongeza Sayansi |
| Idadi ya maswali | 98 | 131. 171 ukiongeza Sayansi |
| Lugha | Maswali 54, dakika 64 | Kiingereza: maswali 50, dakika 35. Usomaji: maswali 36, dakika 40 |
| Hisabati | Maswali 44, dakika 70 | Maswali 45, dakika 50 |
| Wastani wa sekunde kwa swali | Lugha 71, Hisabati 95 | Kiingereza 42, Usomaji 67, Hisabati 67, Sayansi 60 |
| Mapumziko | Dakika 10 kabla ya Hisabati | Mafupi, baada ya Hisabati |
| Alama | 400 hadi 1600 | 1 hadi 36 |

Mstari wa kutazamwa kwa makini ni ule wa sekunde. Katika Hisabati, mtahiniwa wa SAT ana karibu nusu dakika zaidi kwa kila swali kuliko mwenzake wa ACT, na hiyo ni tofauti kubwa mno kwa mtu anayefikiri vizuri lakini polepole. Sekunde 42 za Kiingereza cha ACT zinatisha zikiandikwa hivi, ila maswali mengi ya sehemu hiyo ni ya sarufi na uakifishaji, na anayezijua kanuni hujibu kwa sekunde 20 na kubakiza muda. Asiyezijua hatasaidiwa hata na dakika nzima.

Mahali ambapo kila mtihani unauma

Kila sehemu ya SAT imegawanywa katika moduli mbili. Moduli mbili za lugha ni za dakika 32 kila moja, zenye maswali 27, na moduli mbili za Hisabati ni za dakika 35 kila moja, zenye maswali 22. Programu ya mtihani, iitwayo Bluebook, hutazama ulivyofanya katika moduli ya kwanza kisha hukupangia moduli ya pili iliyo ngumu zaidi au iliyo rahisi zaidi. Aliyepelekwa kwenye moduli rahisi hawezi tena kufikia alama za juu kabisa za sehemu hiyo, hata akijibu yote yaliyobaki kwa usahihi. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba SAT humwadhibu mtu mapema. Anayehitaji robo saa ya kujikusanya kabla akili yake haijachangamka ataitumia robo saa hiyo katika dakika zilizo ghali kuliko zote, na jambo hilo litamkuta mara mbili, mwanzoni mwa lugha na mwanzoni mwa Hisabati.

Kwa upande mwingine, mgawanyo huohuo una rehema yake. Kosa la moduli moja halichukui muda wa moduli inayofuata, saa huanza upya, na hakuna kipindi cha kuzama katika kazi kinachozidi dakika 35 bila mpaka. Kinachowashangaza wengi ni kwamba ukimaliza moduli mapema huruhusiwi kuendelea na inayofuata, sharti usubiri saa iishe. Dakika hizo zitumike kurudia maswali uliyoyawekea alama ya kuangaliwa tena, na yakiisha, kufumba macho kidogo. Ukishavuka, hakuna kurudi nyuma.

ACT haina mabadiliko hayo ya ugumu. Maswali yaliyo mbele yako ni yaleyale hata ukianza vibaya, kwa hiyo kujikwaa katika swali la tatu hakuna athari kwa swali la arobaini. Hali hiyo humpa utulivu mtu ambaye katika SAT hukaa akijiuliza kama moduli ya pili aliyopewa ni ile ngumu au ile rahisi (swali ambalo, kwa kweli, limeharibu moduli nyingi kuliko maswali yenyewe). Tatizo la ACT liko kwenye mpangilio wake. Usomaji, unaodai utulivu mkubwa kuliko sehemu nyingine zote, huanza baada ya dakika 85 za kazi ya haraka: 35 za Kiingereza na 50 za Hisabati. Anayechukua Sayansi huianza baada ya dakika 125. Katika kifungu cha tatu cha Usomaji ndipo macho yanapopita juu ya mistari bila kuokota kitu, mwanafunzi akasoma aya nzima kisha akagundua kwamba hajui inahusu nini, akarudi juu kuanza upya huku saa ikikimbia.

Kusoma kwa lugha isiyo ya nyumbani

Kwa msomaji wa Kiswahili, hapa ndipo penye uzito wa ulinganisho wote, na inasikitisha kwamba miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani haipagusi. Mwanafunzi wa kwetu huenda amesoma masomo yote ya sekondari kwa Kiingereza, lakini nyumbani, sokoni na kwenye simu anatumia Kiswahili. Kiingereza chake ni cha darasani, kwa hiyo kinatumia nguvu nyingi zaidi ya akili kwa kila ukurasa. Nguvu hizo ndizo zinazoisha. Mara nyingi anayesema kwamba alikosa muda katika mtihani wa lugha alikuwa na muda wa kutosha mwanzoni, akapungukiwa na nguvu katikati, na kasi yake ikashuka bila yeye kujua.

Vifungu vya SAT ni vifupi, kati ya maneno 25 na 150, na kila kifungu kina swali moja tu. Faida yake ni kwamba kifungu kisichoeleweka kinagharimu swali moja, unakiacha na kuanza ukurasa mpya ukiwa na akili safi. Hasara yake ni kwamba unabadilisha mada mara 54: sasa ni shairi la karne ya 19, mara moja ni utafiti wa nyuki, mara moja ni mwanasiasa usiyemfahamu. Kila mabadiliko yanadai upya nguvu ya kuingia ndani ya jambo. Isitoshe, maneno yenyewe ni mazito, kwa kuwa moduli huanza na maswali ya msamiati na maana ya maneno katika muktadha, ambayo ndiyo yanayomwogofya zaidi mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni tu.

Hata hivyo mpangilio huo unaweza kugeuzwa uwe faida. Katika kila moduli ya lugha maswali hufuata utaratibu unaojulikana: msamiati na mbinu za mwandishi kwanza, kisha ufahamu, kisha kanuni za sarufi, kisha uunganishaji wa mawazo. Mwanafunzi ambaye sarufi yake ni imara, na wanafunzi wengi wa shule zetu wako hivyo kwa sababu wamefundishwa kanuni tangu msingi, anaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye sarufi, akavuna alama hizo kwa haraka akili ikiwa haijachoka, kisha akarudi mwanzo akiwa na dakika za kutosha kwa maswali ya kusoma. Bluebook inaruhusu kurukaruka ndani ya moduli bila kizuizi.

Usomaji wa ACT una vifungu vinne virefu vyenye maswali tisa kila kimoja. Ukikielewa kifungu, umeyawekea msingi maswali tisa kwa mpigo mmoja, na akili haibadilishi mada isipokuwa mara tatu. Msomaji wa magazeti marefu na riwaya atajisikia nyumbani. Ila dakika 40 zikigawanywa kwa vifungu vinne, kila kimoja kinapata dakika 10 kwa kusoma na kujibu, na kifungu kimoja kigumu kikikulia dakika 14, deni hilo linalipwa na kifungu cha mwisho. Kwa maoni yangu, anayesoma Kiingereza kwa kasi ya wastani na ambaye hajazoea kusoma vitabu vizima kwa lugha hiyo atapata ahueni zaidi kwenye SAT, hata kama msamiati wake ni mgumu zaidi, kwa kuwa msamiati unajifunzika kwa miezi minne, na kasi ya kusoma huchukua miaka.

Hisabati, na mazoea ya kuonyesha njia

Mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania na ya Kenya humlipa mwanafunzi kwa njia aliyoionyesha. Katika karatasi ya Hisabati ya KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, yenye saa 2 na dakika 30 na alama 100, mtahiniwa hujibu maswali yote 16 ya sehemu ya kwanza kisha huchagua matano kati ya manane ya sehemu ya pili. Anaweza kuanza na swali alipendalo, kumkopesha swali gumu dakika kutoka swali rahisi, na kupata alama za njia hata jibu la mwisho likiwa na kasoro. Mazoea hayo mazuri yote hayana thamani katika SAT wala ACT. Hakuna anayeisoma kazi ya pembeni, hakuna maswali ya kuchagua, na dakika za Hisabati haziwezi kuhamishiwa kwenye lugha.

Chukua swali la aina hii: ikiwa 3x + 5 = 20, thamani ya 6x + 10 ni ngapi? Mwanafunzi aliyefundwa vizuri na shule zetu atatoa 5 pande zote mbili, atagawanya kwa 3, atapata x = 5, ataiweka kwenye 6x + 10 na kufikia 40. Amejibu sawasawa kwa sekunde kama 40. Mwenzake ameona kwamba 6x + 10 ni maradufu ya 3x + 5, akaandika 40 kwa sekunde tano. Tofauti ya sekunde 35 katika swali moja si kitu, lakini maswali ya namna hiyo yakiwa kumi ni karibu dakika sita, na kwa ACT yenye dakika 50 hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya muda wote. Anayependa kufuata hatua moja baada ya nyingine, naye hana nia ya kubadilika, achague SAT. Huko kuna nafasi ya kufanya hivyo, na kuna kikokotoo cha Desmos ndani ya programu, kinachochora grafu ya mlinganyo wowote na ambacho kinaruhusiwa katika moduli zote mbili. Aliyezoea kukokotoa kwa mkono akijifunze mapema, kwa sababu siku ya mtihani si siku ya kutafuta vitufe.

ACT inazo nafuu mbili katika Hisabati. Maswali yake yote ni ya kuchagua jibu, na katika muundo mpya machaguo ni manne badala ya matano ya zamani, ilhali takribani robo ya maswali ya Hisabati ya SAT humtaka mtahiniwa aandike jibu mwenyewe. Mitihani yote miwili haikati alama kwa jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo aliyebakiwa na dakika moja na maswali sita katika ACT anaweza kuyajaza yote na kutarajia kupata moja au mawili kwa bahati tu, lakini katika SAT yale ya kuandika jibu yatabaki matupu au yatajazwa namba isiyo na maana. Mtu ambaye hupungukiwa na muda kila mara, licha ya mazoezi, aliweke jambo hili kwenye mizani.

Kuhusu Sayansi ya ACT sina mengi. Ni ya hiari katika muundo mpya, haihesabiwi katika wastani wa jumla, nayo hupima usomaji wa jedwali na grafu kuliko maarifa ya Fizikia au Biolojia. Isipokuwa chuo unachoomba kimeitaka waziwazi, sioni sababu ya kujiongezea dakika 40 mwishoni mwa asubuhi ndefu.

Kujenga ustahimilivu: mazoezi ya vipande au mtihani mzima

Kuna njia mbili za kujiandaa kwa uchovu, na uzito wa kila moja unategemea mtihani uliouchagua. Njia ya kwanza ni kufanya kipande kimoja kwa saa iliyowekwa, kwa mfano moduli moja ya dakika 32 baada ya chakula cha jioni, kisha kusahihisha papo hapo. Njia ya pili ni kukaa na mtihani mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, asubuhi, bila simu na bila kusimama isipokuwa wakati wa mapumziko yaliyoruhusiwa.

Kwa SAT, vipande hubeba sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa mtihani wenyewe umejengwa kwa vipande. Kinachopaswa kuzoezwa zaidi ni kuanza kwa nguvu: kaa chini bila kujipasha moto, bonyeza, na ulenge usahihi katika maswali kumi ya kwanza. Ikiwa unajijua kwamba unachelewa kuchangamka, jizoeze kufanya maswali machache rahisi dakika ishirini kabla ya kuanza, na siku ya mtihani uyafanye ukiwa njiani au nje ya kituo. Mitihani mizima bado inahitajika, lakini ifanywe ndani ya Bluebook, ambamo ipo kadhaa ya bure, kwa sababu iliyochapishwa kwenye karatasi haibadilishi ugumu wa moduli ya pili na kwa hiyo haikupi hisia halisi ya kufunguliwa moduli iliyokuwa ngumu ghafla.

Kwa ACT, vipande hudanganya. Mwanafunzi anayefanya Usomaji peke yake saa kumi na mbili asubuhi, akili ikiwa imepumzika, hupata matokeo ambayo hatayaona katika chumba cha mtihani. Dawa yake ni kutofanya Usomaji ukiwa hujachoka. Tanguliza Hisabati ya dakika 50, pumzika kidogo, kisha ingia kwenye vifungu. Hata kwa anayesoma shule ya bweni, ambako saa tatu za utulivu ni adimu, jozi hiyo ya dakika 90 inaweza kutoshea katika kipindi kimoja cha kujisomea. Juu ya hapo, mtihani mzima kila baada ya wiki mbili katika miezi miwili ya mwisho hauna mbadala. Kufanya kila siku sikushauri, kwani mwili unaochoka bila kupumzika haujengi ustahimilivu, na mitihani rasmi ya mazoezi ni michache ukiimaliza ovyo.

Kila unapomaliza, usiishie kuhesabu alama. Andika kwenye daftari namba ya kila swali ulilokosa na sababu yake kwa neno moja: sikujua, niliharakisha, au nilichoka. Baada ya mitihani miwili au mitatu picha hujitokeza yenyewe. Makosa yaliyotawanyika sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho ni upungufu wa maarifa, na mitihani yote miwili itakuonyesha huohuo. Makosa yaliyorundikana katika robo ya mwisho ya kila sehemu ni ya saa au ya uchovu, na mtu huyo SAT humfaa zaidi. Makosa yaliyojaa mwanzoni, kisha yakapungua kadiri asubuhi inavyosonga, ni dalili ya injini inayochelewa kushika moto, na kwa mtu huyo ACT ina huruma zaidi.

Jambo jingine la kuzoeza ni kuacha swali. Shule zetu humsifu anayeng'ang'ania, na sifa hiyo ni ya haki mahali pengine, lakini hapa kila swali lina mpaka wa muda. Mitihani yote miwili huchanganya humo maswali ya majaribio ambayo hayahesabiwi katika alama, na mtahiniwa hawezi kuyatambua. Swali la ajabu lililokumeza dakika nne huenda halikuwa na alama hata moja. Mpaka unaofaa kwa wengi ni huu: ikifika mara mbili ya wastani wa sekunde za sehemu hiyo bila njia kuonekana, weka alama, chagua jibu lolote na usonge mbele.

Siku yenyewe

Vituo vingi viko katika shule za kimataifa za miji mikubwa, na milango hufungwa asubuhi kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi yako. Anayetoka Songea, Kigoma au Lodwar afike angalau siku moja kabla, kwa kuwa usiku ndani ya basi huvunja kazi ya miezi. SAT hufanywa kwenye kompyuta mpakato au tableti, mara nyingi ya mtahiniwa mwenyewe, kwa hiyo ijae chaji na programu iwe imesakinishwa na kujaribiwa wiki iliyotangulia. Intaneti inahitajika kuanza na kukusanya majibu, lakini ikikatika katikati mtihani unaendelea na majibu yanahifadhiwa. Inafaa kulijua hilo mapema, maana nembo ya mtandao ikipotea kwenye kona ya skrini mtu anaweza kupoteza dakika nzima kwa hofu.

Kula kile ulichozoea. Chai na mkate, viazi, au uji ni sawa ikiwa ndivyo tumbo lako linavyojua, ila chai ya rangi vikombe vitatu utaijutia katikati ya moduli ya pili. Katika mapumziko inuka, toka nje ya chumba, unywe maji, ule ndizi au karanga, na ukatae mazungumzo ya maswali yaliyopita. Saa ya programu ya SAT huhesabu kurudi nyuma kwenye skrini na inaweza kufichwa hadi dakika tano za mwisho. Anayeshtushwa na namba zinazopungua aifiche, na anayejisahau aiache wazi, lakini aamue hilo wakati wa mazoezi.

Namna ya kuamua

Kabla ya kulipa ada yoyote, fanya mtihani mmoja rasmi wa mazoezi wa kila upande, asubuhi za Jumamosi mbili tofauti, kisha linganisha matokeo kwa jedwali la ulinganisho lililotolewa na waendeshaji wa mitihani yote miwili mwaka 2018. Kwa jedwali hilo, 25 ya ACT inakaribia 1210 ya SAT, 28 inakaribia 1310, na 31 inakaribia 1400. Ikiwa upande mmoja umeuzidi mwingine kwa uwazi, suala limekwisha. Ikiwa matokeo yamelingana, ambayo ndiyo hali ya wengi, naelekeza SAT kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu ya sekunde za ziada katika Hisabati na ufupi wa vifungu. Kuna pia sababu ya mfuko: nje ya Marekani ada ya ACT kwa kawaida huwa juu zaidi. ACT ninaielekeza kwa msomaji mwepesi wa Kiingereza, mwenye mkono wa haraka, ambaye hutulia pale anapojua kwamba mtihani haubadiliki kutokana na alivyoanza.

Tarehe nazo zina usemi wake. SAT hutolewa mara kadhaa kwa mwaka, ikiwemo Machi, Mei, Juni, Agosti, Oktoba, Novemba na Desemba. Ile ya Mei huangukia katika msimu wa mtihani wa kidato cha sita Tanzania, na zile za Oktoba na Novemba humgonga mtahiniwa wa KCSE, ambaye hawezi kubeba aina mbili za uchovu katika mwezi mmoja. Kwa wote wawili Agosti ndiyo tarehe yenye nafasi, na kwa Mkenya, Juni inaweza kutumika kama jaribio la kwanza. Matokeo ya SAT hutoka takribani wiki mbili baada ya mtihani, na ya ACT mara nyingi huchelewa zaidi, hivyo anayelenga maombi ya mapema, ambayo kwa vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba, ajiandikishe kwa Agosti mara tu nafasi zinapofunguliwa, kabla viti vichache vya kituo kilicho karibu naye havijajaa.